Stamina inaenda wapi baridi ikiingia? Halijoto katika gemu za kunusurika

Mchezaji mgeni wa gemu za kunusurika, yaani zile ambazo kazi kuu ni kubaki hai, akifika kwenye theluji kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko yaleyale. Bondeni alikuwa anakimbia mpaka mita ya stamina, yaani nguvu za kukimbia na kupigana, inabaki robo, anasimama kidogo, inajaa, anaendelea na safari. Huku juu mita ileile ikiisha haitaki kurudi, na mbwa mwitu hawana subira. Basi anavaa koti zito kuliko yote aliyonayo. Kuna gemu ambazo hapo tatizo linakwisha. Kuna nyingine ambazo linazidi, na ndipo watu huanza kusema gemu ni mbovu.

Kinachowachanganya ni kwamba mita hiyo moja inaficha namba tatu. Ya kwanza ni kikomo: mita ikijaa kabisa, ina pointi ngapi. Ya pili ni kasi ya kujaa: ukisimama, kila sekunde zinarudi pointi ngapi. Ya tatu ni gharama: kukimbia, kuruka, kukwea au kupiga shoka kunakata pointi ngapi. Halijoto inaweza kugusa mojawapo au zote. Na katika gemu kadhaa kubwa haigusi hata moja waziwazi. Inazunguka nyuma kupitia njaa, kiu, uchovu na uzito wa nguo. Dawa inategemea njia iliyotumika. Koti halimsaidii mtu ambaye stamina yake inabanwa na tumbo tupu, na sahani ya nyama haimsaidii aliyelowa.

Tuanze na kasi ya kujaa, kwa sababu ndiyo inayoguswa waziwazi zaidi na ndiyo isiyoonekana upesi. Katika Valheim, iliyoanza kuuzwa ikiwa bado inatengenezwa mnamo Februari 2021, usiku ukikukuta nje mbali na moto mhusika anaingia kwenye hali ya baridi, na kasi ya stamina kujaa inashuka kwa asilimia 25. Ukinyeshewa au ukitoka mtoni unakuwa umelowa, na kulowa kuna adhabu yake ya asilimia 15. Milimani, bila vazi au kinywaji cha kukinga baridi kali, kasi inaporomoka zaidi na afya yenyewe inaanza kumeguka. Kikomo cha stamina hakihusiki hapo. Kinaamuliwa na chakula ulichokula.

Sasa fikiria mhusika wa mfano mwenye stamina 100 inayojaa pointi 10 kwa sekunde. Akiwa mkavu na mwenye joto, mita tupu inajaa kwa sekunde 10. Baridi ya asilimia 25 ikiingia, anapata pointi 7.5 kwa sekunde, na kujaa kunachukua sekunde 13 na kidogo. Tofauti ya sekunde tatu inaonekana ndogo. Lakini tazama inapotokea: mbio za kwanza ni zilezile kabisa, urefu uleule, mapigo ya shoka yaleyale. Hasara inakuja kwenye mbio za pili, na za tatu inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo baridi ya aina hii haimsumbui mtu anayepita njia; inamsumbua aliye katika pambano refu, na mara nyingi anamlaumu adui, hakumbuki kwamba jua limezama.

Adhabu zikiwa zaidi ya moja, swali linakuwa gemu inazijumlisha au inazizidisha. Mhusika wetu akiwa na baridi na amelowa, kwa kujumlisha anapoteza asilimia 40 na kubaki na pointi 6 kwa sekunde. Kwa kuzidisha anabaki na karibu 6.4. Hapo hakuna tofauti ya maana. Weka adhabu nne za asilimia 25 kila moja, tuseme baridi, kulowa, jeraha na njaa: kwa kujumlisha stamina inaacha kabisa kujaa, kwa kuzidisha bado anabaki na karibu theluthi ya kasi yake. Gemu inayojumlisha ina mahali ambapo mambo yanakatika ghafla. Inayozidisha inakuchosha polepole bila kukufikisha sifuri. Maelezo ya ndani ya gemu mara nyingi hayasemi hesabu ipi imetumika, ingawa ndiyo inayoamua kama unaweza kuthubutu safari ya usiku katika mvua.

Valheim ina na upande wa pili wa mizani. Ukikaa mahali palipoezekwa, karibu na moto, unapata hali ya kupumzika inayoongeza kasi ya stamina kwa asilimia 100. Kwa hesabu yoyote ile, nyongeza hiyo inafunika adhabu ya baridi ya usiku na bado inakuacha na faida. Wachezaji wengi huhangaikia nguo kabla ya kuhangaikia kiti na paa, nami naona wanaanzia mwisho.

Kikomo ni habari nyingine. Hali ya kunusurika iliyoongezwa kwenye Skyrim mwaka 2017 imegawa adhabu kwa utaratibu unaowapotosha wengi: baridi inapunguza kikomo cha afya, njaa inapunguza kikomo cha stamina, uchovu unapunguza kikomo cha nguvu za uchawi. Baridi pia inamfanya mhusika atembee taratibu. Matokeo yake, mtu anayepanda mlima wa theluji anaona mita ya stamina imeingia giza upande mmoja, anaona na mwendo umepungua, anahitimisha kwamba vyote viwili ni baridi. Kumbe kimoja ni baridi na kingine ni kwamba hajala tangu asubuhi. Moto utamrudishia mwendo na afya. Stamina itasubiri chakula. Supu ya moto katika hali hiyo inatibu yote mawili kwa mkupuo, na nadhani ndiyo sababu watu huiona kama dawa ya baridi tu.

Gharama ya tendo ndiyo inayoguswa mara chache zaidi. Sababu, naamini, ni kwamba mchezaji anajifunza gemu kwa mikono. Baada ya muda vidole vinajua kwamba mapigo matano yanawezekana na la sita haliwezekani. Ukibadilisha gharama kila wingu linapopita, unavunja mazoea hayo na mtu anahisi ameibiwa. Kupunguza kasi ya kujaa kunaumiza vilevile lakini hakuvunji mdundo. Tusichanganye hapa na theluji nene inayopunguza mwendo: hiyo ni hali ya ardhi, sawa na tope au maji ya magotini, na ingebaki vilevile hata kama umevaa manyoya matatu.

Halafu kuna gemu ambazo halijoto na stamina hazijuani kabisa. Katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, baridi na joto vinakula mioyo, yaani uhai, lakini gurudumu la stamina linabaki salama; unaweza kukwea ukiwa unakufa kwa baridi na nguvu za mikono zikawa zilezile. Don't Starve haina mita ya stamina hata kidogo. Joto la mhusika likishuka chini ya 0 anaganda na kuumia, na katika nyongeza ya Reign of Giants likipita 70 anaungua kwa joto. Hapo ukihisi mhusika amechoka, ni wewe uliyechoka.

Njia ya kuzunguka

Njia ninayoiona kuwa na werevu zaidi ni ile ya kupitia tumboni. ARK: Survival Evolved na DayZ zote zina kanuni inayofanana: mhusika akipata baridi, chakula kinaisha haraka, akipata joto, maji yanaisha haraka. Hakuna maandishi kwenye skrini yanayosema umepoteza stamina. Kinachotokea ni kwamba akiba uliyodhani itakufikisha jioni inaisha mchana, na mhusika mwenye njaa na kiu hafiki mbali katika gemu yoyote ya namna hii.

Kanuni hiyo imechukuliwa mwilini mwa binadamu. Mwili unapambana kubaki karibu na nyuzi joto 37, na ukishuka chini ya 35 daktari tayari ataita hali hiyo hipothemia. Kabla ya kufika huko, misuli inaanza kutetemeka, na kutetemeka ni kazi: kunachoma sukari na mafuta ili kuzalisha joto tu, bila kukusogeza hata hatua moja. Mtu aliyetetemeka kwa saa nzima ametumia mafuta ya safari akiwa amesimama. Upande wa joto, mwili unajipoza kwa jasho, na lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoa karibu kilojuli 2,400. Ni mashine nzuri ya kupoza, ila maji yake hayatoki popote isipokuwa ndani yako.

The Long Dark imechagua uchovu. Mita ya kukimbia inafungwa na uchovu wa mhusika: kadiri anavyochoka ndivyo sehemu ya mita anayoweza kuitumia inavyopungua, na kupumzika dakika mbili hakuirudishi, anahitaji kulala. Hapo halijoto inaingia kwa mlango usioutarajia, kwa sababu kulala kunahitaji mahali penye joto. Usiku wa baridi kali bila moto wa kutosha unakulazimisha kuamka kabla hujapumzika, na asubuhi unaanza siku na mita fupi. Baridi ya jana ndiyo inayokuzuia kumkimbia mbwa mwitu wa leo, hata kama leo jua linawaka.

Koti linapogeuka kuwa mzigo

Turudi kwa yule mchezaji aliyevaa koti zito. Katika DayZ kikomo cha stamina kinapungua kadiri mzigo unavyoongezeka, na nguo ni sehemu ya mzigo. Nguo iliyolowa inakuwa nzito zaidi na uwezo wake wa kukinga baridi unapungua, kwa hiyo mvua inakupiga pande mbili kwa wakati mmoja. The Long Dark imekwenda hatua mbele: vazi lina kipimo cha wepesi, na mavazi makubwa, koti la ngozi ya dubu likiwa mfano unaojulikana, yanapunguza kikomo cha kukimbia hata uzito ukiuweka kando. Unalindwa na baridi kwa kulipa na miguu.

Hakuna jibu moja hapa, na ndivyo inavyofaa kuwa. Ukiwa unasafiri kwenda mbali katika eneo lisilo na wanyama wakali, vaa zito. Ukiwa unaingia mahali ambapo lazima utakimbia, vaa jepesi, toka kwenye moto ukiwa umejaa joto, fanya kazi yako, rudi. Mpango huo wa pili unafanya kazi kwa sababu joto la mhusika halibadiliki papo hapo. Gemu nyingi zinalichukua kama akiba inayopanda na kushuka taratibu kuelekea halijoto ya mazingira. DayZ inaonyesha akiba hiyo kwa alama za kujumlisha pembeni mwa kipimajoto baada ya kukaa kwenye moto. Zikiwepo, una muda wa bure kabla baridi haijaanza kukuhesabu. Jiwe la joto la Don't Starve ni wazo hilohilo mfukoni: unalipasha motoni, unalibeba, linakupa muda.

Kinachoamua muda huo unadumu kiasi gani ni upepo na maji. Wanasayansi wawili, Paul Siple na Charles Passel, walipima huko Antaktika jinsi maji yanavyoganda kwenye chombo kulingana na upepo, wakachapisha kazi yao mwaka 1945. Humo ndimo lilimozaliwa wazo la halijoto inayohisiwa, tofauti na ile ya kipimajoto. Marekani na Kanada zilibadili fomula yake mwaka 2001 ili ifuate uso wa binadamu badala ya chombo cha maji. The Long Dark inaonyesha wazo hilo karibu lilivyo: inakupa halijoto ya hewa, inapunguza kwa ajili ya upepo, inaongeza kwa ajili ya nguo, na jumla ikiwa juu ya 0 joto lako linapanda, ikiwa chini linashuka. Nguo zina namba mbili, moja ya joto na moja ya kukinga upepo, na mchezaji anayetazama ya kwanza peke yake ataganda ukingoni mwa ziwa akiwa na sweta nene. Kuhusu maji, yanapitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo adhabu za kulowa katika gemu ni za huruma kuliko uhalisia.

Mahali ambapo gemu na mwili vinaachana

Hapa ndipo nina ugomvi na watengenezaji. Mwaka 1997 Galloway na Maughan walichapisha jaribio ambalo wanaume waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa juhudi ileile mpaka wakashindwa, katika halijoto nne. Kwenye nyuzi 4 walidumu wastani wa dakika 81 hivi. Kwenye 11 walidumu karibu dakika 94. Kwenye 21 walirudi kwenye dakika 81. Kwenye 31 walidumu dakika 52 tu.

Tazama namba hizo kwa jicho la mchezaji. Nyuzi 11 ni baridi inayomfanya mtu aliyekaa atafute sweta, na ndiyo iliyotoa stamina ndefu kuliko zote. Nyuzi 4, ambazo katika gemu zingekuwa tayari zimewasha alama ya buluu ya baridi kwenye skrini, zilikuwa sawa na chumba cha kawaida. Kilichoua stamina ni joto. Sababu yake inaeleweka: misuli inageuza robo hivi ya nishati, au chini ya hapo, kuwa mwendo, na iliyobaki yote ni joto linalopaswa kutoka. Hali ya hewa ikiwa ya joto, damu inatakiwa kwenye ngozi ili kupoza na inatakiwa kwenye misuli ili kufanya kazi, na moyo hautoshi kwa wote wawili. Unyevu ukiwa mwingi hewani jasho halikauki, linadondoka tu, na maji yamepotea bila kupoza chochote.

Gemu nyingi zimepindua picha hiyo. Baridi inaadhibiwa kuanzia mapema na kwa vitisho, joto linakuja kama kero ya kunywa maji zaidi. Lakini sidhani ni ujinga. Baridi inampa mchezaji kazi: kukata kuni, kuwinda, kuchuna ngozi, kushona, kutafuta pango kabla ya giza. Dawa ya joto ni kivuli, maji na kutofanya lolote, na hakuna anayenunua gemu ili asifanye lolote. Baridi ni mtengenezaji mzuri wa hadithi hata kama ni mwanafiziolojia mbaya.

Kosa ninaloona ni kubwa zaidi ni lingine: katika gemu nyingi kukimbia hakukupashi joto. Mhusika anayekimbia kilomita tatu anapata baridi sawasawa na aliyesimama, wakati mwilini mwendo ndio jiko lenyewe. Project Zomboid, tangu toleo la 41, ni mojawapo ya chache zilizochukua jambo hili kwa uzito. Kukimbia na kupigana kunapandisha joto la mwili, joto linaleta jasho, jasho linalowesha nguo, na nguo zilizolowa zinakupoza pindi unaposimama. Ni mtego ambao wapanda milima wanaujua vizuri: hatari inaanza unapopumzika. Mchezaji aliyezoea gemu nyingine atavaa nguo zote, atakimbia, atatota jasho, kisha ataketi kwenye nyumba isiyo na moto akishangaa kwa nini sasa ndiyo anatetemeka.

Ukipewa gemu usiyoijua, usisubiri maelezo ya skrini. Nenda mahali penye joto la wastani ukiwa umeshiba na umelala, ondoa mzigo, kimbia mpaka stamina iishe ukihesabu sekunde, kisha simama na uhesabu inavyojaa. Rudia kwenye baridi, nguo zilezile, kabla njaa haijabadilika. Muda wa kukimbia ukipungua na mita ikionekana fupi, kikomo kimeguswa. Mita ikiwa na urefu uleule lakini mbio zikawa fupi, ni gharama. Mbio zikiwa sawa na kujaa kukachelewa, ni kasi. Kila kitu kikiwa sawa, keti hapo kwa muda na utazame chakula, maji na uchovu: kimojawapo kitakuwa kinashuka upesi kuliko kawaida. Kisha vaa lile koti zito na ukimbie tena, kwa sababu hiyo ndiyo namba ambayo hakuna alama ya buluu itakayokuonyesha. Fanya yote haya ukiwa mkavu kwanza. Mvua ipe jaribio lake la peke yake, na masasisho makubwa yakitoka pima upya, maana namba hizi hubadilishwa mara kwa mara.